Kichwa cha Gesi, Kichwa cha Dizeli na Magunia Yangu

Haya, akina mama wa kwaya, na ninyi wa pale sokoni Uyole mnaoninunia kwa sababu sijawasimulia, nawaandikia wote kwa pamoja. Nimechoka kuulizwa vipande vipande. Huyu ananishika kanisani: "Mama Lusajo, mmechukua cha gesi?" Yule ananivuta kanga sokoni: "Mama Lusajo, eti gesi ililipuka ukiwa ndani?" Hakuna kilicholipuka. Aliyelipuka ni mimi, tena mara moja tu, na nitawaeleza ilikuwa wapi.

Tela letu mnalijua, lile la bluu alilotuachia baba. Kichwa chake, yaani lile lori la mbele lenye injini linalolivuta, kilikufa mwaka jana kwenye mteremko wa Inyala, na aliyekuwa ndani ni mdogo wangu Ambakisye. Breki ziliisha nguvu. Akalipeleka lori kwenye kingo za udongo lisije likaua watu, likalala. Mungu alimtoa akiwa na mguu uliovunjika na meno yake yote. Mguu ulipona, lakini usukani hakuugusa tena. Kila mwendesha lori aliyekuja kumpa pole alimkuta anatazama ukuta.

Mwezi uliopita akatutangazia kwamba Jumamosi fulani anaondoka kwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Ambakisye! Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, anayeogopa hata kuingia kwenye shimo la choo kipya. Nikajiambia, huyu kilichomtisha ni kile kichwa kizee. Nikimpatia kichwa chenye nguvu, kijana atarudi barabarani na habari za mashimo zitakwisha.

Tulikuwa na vichwa viwili vya kuchagua, kimoja cha dizeli na kimoja cha gesi, hii gesi asilia ya nchini kwetu. Ambakisye alipoulizwa alijibu, "Chochote mtakachochukua, mimi siendeshi." Basi nikaamua kwenda kuvijaribu mwenyewe. Niende Iringa ndani ya lori la dizeli lenye tela lililojaa, nirudi ndani ya la gesi lenye tela lililojaa, na nifike nyumbani kabla ya Jumamosi hiyo nikiwa na neno moja tu mdomoni. Mambo ya kupatana na wenye malori nayaruka, hayana utamu.

Uyole hadi Chimala: mzee asiyeongea

Tulipaswa kuondoka Jumanne saa mbili asubuhi. Tuliondoka saa saba mchana. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mzigo ulikuwa viazi vyangu, na ninyi mnajua ninavyosimamia upakiaji. Gunia mia mbili, lumbesa, kama kawaida yetu: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linavishwa kofia ya wavu juu, na ndani ya kofia viazi vingine. Nauli ya lori inalipwa kwa gunia, kwa hiyo kadiri gunia linavyonenepa ndivyo mwenye viazi anavyocheka. Nilizunguka nikiwaambia wapakiaji, "Ongeza hapo, bado linapumua!"

Dereva alikuwa Mzee Kaduma, Mhehe wa Ifunda, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na maneno ya kuhesabu. Nikamsalimia kwa Kihehe changu cha kuungaunga, "Kamwene!" Akaitikia. Basi, hayo ndiyo yalikuwa karibu mazungumzo yetu yote hadi Inyala.

Nilikuwa na daftari la shule la Lusajo, nimechora mstari katikati. Upande mmoja Dizeli, upande mwingine Gesi. Nikamuuliza, "Mzee, gari hili linavutaje?"

"Linavuta."

"Vizuri au vibaya?"

"Linavuta, mama."

Nikaandika: linavuta.

Tulipofika juu ya mteremko wa Inyala alizima redio, akashusha gia, akabonyeza kitu fulani, na injini ikaanza kunguruma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mwe! Nilishika mlango kwa mikono miwili. Lori zima likawa linatetemeka na kuunguruma, linashuka taratibu kama bibi harusi. Nikamwonyesha mahali alipolala Ambakisye. Nyasi zimeshaota, huwezi kujua.

"Ni hapa mdogo wangu alipoanguka," nikasema.

Mzee Kaduma hakugeuza shingo. "Hapa sisi hatuongei," akasema.

Niliona ni ukorofi. Nikaandika upande wa Dizeli: kushuka, kelele nyingi mno. Mliweke akilini hilo daftari, maana baadaye lilinitia aibu.

Chimala tukala wali wa Mbarali, ule unaonukia kabla hujaona sahani, na samaki mdogo aliyekaangwa akakauka. Mzee Kaduma alikula sahani mbili bila neno. Alipomaliza akasema, "Mzigo wako mzito." Nikadhani ananisifu kwa biashara kubwa, nikamshukuru sana kwa Kinyakyusa chetu, "Ndaga fijo, mzee," nikatabasamu. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kunawa.

Chimala hadi Makambako: kila mtu fundi

Mbele kidogo ya Igawa tairi la tela likapasuka. Mzee Kaduma akakata matawi, akayatandaza barabarani nyuma yetu ili wanaokuja wajue kuna gari limekwama, tukakaa hapo saa tatu. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika, maana wote waliosimama kutupa pole niliwauliza swali langu.

Fundi mmoja mwenye pikipiki akasema, "Gesi? Mama, wewe jikoni unao mtungi mmoja unauogopa. Sasa mitungi minane mgongoni?" Nikaandika. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa anasubiri gari kwenye kivuli chetu, akamkatiza: mitungi ile ni minene na imepimwa, gesi ni yetu wenyewe, dizeli inatoka ng'ambo, na mtu asiyetaka gesi haipendi nchi yake. Nikaandika. Mchungaji wa ng'ombe akauliza yote mawili yanakula nini wakati wa kiangazi, tukacheka, kisha nikagundua ameuliza swali la maana kuliko wote. Gesi utaijaza wapi ukiwa Mbeya? Mwalimu akasema, "Watajenga."

Kupanda kwenda Makambako ndiko kulikonimaliza. Lori lilipanda kama mtu anayekwenda kumlipa mtu asiyempenda. Malori matano yalitupita. Kwenye mlima mmoja mwanamke mwenye ndoo kichwani alienda sambamba nasi, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu zote, na bado alitangulia kufika juu. Nikaandika kwa herufi kubwa: DIZELI HAIVUTI.

Makambako tukaingia mizani, pale malori yanapopimwa uzito. Mzee Kaduma akarudi na karatasi, nikamwomba nione, nikanakili namba kwenye daftari kama nilivyonakili kila kitu kingine, hata jina la mama lishe wa Chimala. Sikuielewa wala sikujali.

Iringa: kuisubiri gesi

Alfajiri ya Jumatano Mzee Kaduma alinishusha Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akaendelea na viazi vyangu kwenda Dar. Kabla hajaondoka alisema sentensi ndefu kuliko zote za safari: "Msalimie mdogo wako. Mwambie alifanya vizuri kulilaza." Nikasema nitamwambia, nikashangaa, kulaza lori kunawezaje kuwa vizuri?

Nikaanza kuulizia lori la gesi. Dada mmoja mkarimu akanishika mkono, akanipeleka dakika ishirini kupanda mlima hadi kwenye duka la mitungi ya kupikia. "Hii hapa gesi, shoga." Nikamshukuru, nikashuka mlima peke yangu, magoti yananisema.

Lori lenyewe nililikuta kwenye yadi, safi, jeupe, mitungi imepangwa nyuma ya kibanda cha dereva. Dereva wake aliitwa Shabani, mwenyeji wa Iringa ambaye babu zake walitoka pwani, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na maneno mengi siku zote. "Karibu dada, karibu sana, lakini hatuondoki," akasema. Tajiri wake huwatumia gari maalumu la kuwaletea gesi pale yadi, na gari hilo lilikuwa halijulikani liko wapi. Jumatano nzima tuliisubiri gesi. Alhamisi nzima tukaisubiri gesi. Kila saa Shabani alipiga simu, na kila saa aliambiwa gari liko Ilula. Hiyo Ilula ilinichosha.

Mama mmoja wa Tanangozi aliyekuwa anangoja mizigo yake hapo yadini alinihurumia, akanimiminia kikombe kutoka kwenye dumu. Kitamu, kina povu, nikajua ni togwa. Nikanywa viwili. Nikaomba cha tatu. Mnanijua mimi, mama wa kwaya, mweka hazina wa wajane. Nilipoanza kuimba sauti ya pili peke yangu katikati ya yadi ndipo Shabani aliponiambia taratibu, "Dada, huo ni ulanzi, pombe ya mianzi." Mmeshacheka? Haya, tuendelee.

Upande wa Gesi nikaandika: inangojewa.

Iringa hadi Makambako: nimeshaamua

Ijumaa baada ya swala gesi ikaja, tukaondoka. Tela lilikuwa na mifuko mia nne ya mbolea, ya kilo hamsini hamsini. Nikapiga hesabu yangu: mifuko miwili ni gunia moja, mtoto wa darasa la nne anajua. Mifuko mia nne ni gunia mia mbili. Mzigo uleule! Nikafurahi, nikaona Mungu mwenyewe anasimamia jaribio langu.

Jamani, lile lori. Halipigi kelele, halitoi moshi mweusi, unaongea na mwenzako kama mko sebuleni. Kupanda kwenda Mafinga tuliwapita watu. Sisi! Nilifungua kioo nikawapungia mkono. Shabani alinisimulia ndoa zake zote mbili na sikupoteza hata neno moja.

Nikampigia Ambakisye hapohapo. "Mdogo wangu, nimepata! Ni gesi! Inapanda mlima kama haina kitu nyuma!"

Akauliza, "Na kushuka?"

"Kushuka nini? Kushuka kila gari linashuka!"

"Sawa, dada," akasema. "Kesho saa kumi nina gari la Makongolosi." Akakata simu.

Nilikasirika hadi machozi. Nilikuwa nimezunguka nchi nzima kwa ajili yake, nimenywa pombe bila kujua, na yeye ananiambia saa kumi. Tulilala Makambako, na asubuhi ya Jumamosi tukapanga foleni ya mizani.

Makambako hadi Igawa: hapa ndipo nilipolipuka

Shabani alirudi na karatasi yake. Nikanakili namba, chini ya ile ya Jumanne. Nikatazama. Nikafuta miwani kwa kanga, nikatazama tena. Lori la dizeli lilikuwa limelizidi hili kwa zaidi ya tani nane.

Nikashuka na daftari langu hadi kwenye kibanda.

"Mashine yenu mbovu," nikamwambia karani.

"Shikamoo, mama. Mbovu vipi?"

"Marahaba. Jumanne nimepita hapa na gunia mia mbili. Leo ninapita na mifuko mia nne. Ni kitu kilekile. Mbona namba hazifanani? Au malori ndiyo yanatofautiana?"

"Malori yenyewe yanakaribiana. Gunia za nini?"

"Viazi."

"Za wapi?"

"Uyole."

Akaanza kucheka. "Lumbesa?"

"Gunia," nikasema kwa ukali.

"Mama, mashine haihesabu gunia. Inapima uzito."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia mambo kuhusu serikali, kuhusu vijana wa siku hizi na kuhusu mashine zote kwa ujumla. Alinisikiliza hadi mwisho, masikini, akasema, "Hujavunja sheria ya uzito, mama. Lori lile linaruhusiwa. Lakini usiseme ni mzigo uleule." Shabani alikuja kunichukua kwa mkono.

Ndani ya lori nilikaa na daftari langu magotini. Kama mzigo haukuwa mmoja, basi DIZELI HAIVUTI ni uongo. Dizeli ilikuwa imebeba mlima wangu wa viazi, na gesi imebeba mifuko iliyonyooka. Sikujua tena chochote. Nilikuwa nimerudi nilipoanzia, ila mchafu zaidi.

Kisha tukaanza kuteremka kuelekea Igawa, na Shabani akanyamaza. Shabani, jamani! Akazima redio. Nikaona mguu wake unagusa breki, unaachia, unagusa tena. Injini ilikuwa kimya vilevile, na sasa ukimya ule sikuupenda. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Akasimama pembeni, akashuka kuyatazama magurudumu.

"Tunayapumzisha," akasema. "Kupanda linavuta raha, umeona mwenyewe. Kushuka, injini hii haishikilii kama dizeli. Yapo yaliyowekewa kifaa cha kusaidia, hili halina. Kwa hiyo nabeba kiasi, nashuka polepole, nikisikia harufu nasimama."

"Ile dizeli ya Mzee Kaduma ilikuwa inanguruma," nikasema.

"Ndiyo injini inayoshikilia hiyo. Ule mngurumo ndio uliowafikisha chini."

Nikafungua daftari. Kushuka, kelele nyingi mno.

"Shabani, ungekuwa na mzigo wangu wa Jumanne hapa?"

Alinitazama kama anapima aseme au asiseme. "Dada, watu wote wanauliza kichwa kipi kina nguvu ya kuvuta. Kupanda, sawa, kichwa kinavuta tela. Kushuka, tela ndilo linasukuma kichwa."

Nilikaa juu ya jiwe pembeni ya barabara.

Baba alikuwa na kanuni yake: tela hili ni la gunia mia mbili, halizidi. Nimeishika kanuni hiyo maisha yangu yote, nimeitangaza kwa kila dereva. Lakini gunia la baba lilikuwa linashonwa flati, mdomo kwa mdomo, bila kofia. Mimi nilibaki na hesabu yake, nikanenepesha magunia. Na asubuhi ile ya mwaka jana Ambakisye alizunguka tela akipiga matairi kwa kiatu, akaniambia, "Dada, matairi yamelala. Mzito huu." Nikamjibu mbele ya wapakiaji wote, "Gunia mia mbili ni zilezile za baba. Au umeanza kuzeeka?" Wakacheka. Akapanda, akaondoka.

Kile kichwa kizee nilikitukana mwaka mzima. Kumbe kilisukumwa na mimi.

Uyole

Tulifika saa tisa na nusu. Sikumngoja Shabani aegeshe vizuri, niliruka. Ambakisye alikuwa uani, anafunga begi. Juu ya begi kulikuwa na buti mpya za soko la Mwanjelwa na tochi ya kuvaa kichwani.

"Haya, dada," akasema bila kunitazama. "Gesi?"

"Siku ile ulijua?"

Mikono yake ikasimama kwenye zipu. "Siku ipi?"

"Unaijua siku. Ulijua mzigo umezidi?"

"Nilijua kabla sijatoka hapa sokoni."

"Mbona hukusema, Ambakisye?"

"Nilisema, dada."

Nililia, siwafichi. Nililia kwa sauti, majirani wakachungulia wakidhani kuna msiba. Yeye alisimama ameshika kamba ya begi, na nilipomaliza kupenga kamasi nikamwambia, "Gesi au dizeli utachagua wewe, maana mimi nimeshavurugwa kabisa. Mimi nachagua magunia. Hakuna kofia tena. Nikikupakia hata kiazi kimoja juu ya mshono, nenda Makongolosi na mimi nikufuate nikubebee sururu."

Kule barabarani gari la saa kumi lilipiga honi, likapiga tena, likaenda. Ambakisye alikuwa bado ameshika kamba. Kisha akauliza, "Nasikia Mzee Kaduma ndiye aliyekupeleka Iringa. Anaendeleaje?"

"Anasema ulifanya vizuri kulilaza."

Akaketi juu ya begi lake, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwaka mzima hakuwahi kulia. Nilimwacha, nikaenda kumpikia Shabani chai, maana mgeni alikuwa bado amesimama getini na viatu mkononi, akingoja kukaribishwa.

Basi, wenzangu, jibu lenu ndilo hili. Amechagua dizeli, ile inayonguruma. Ila alisema magunia yakiwa flati hata ya gesi angeiendesha, siku wakituletea kituo karibu na kifaa cha kushikilia, kwa hiyo msije mkaniuliza ipi ni bora. Sijui. Na mkipita stoo kwangu mkaona magunia yamekonda, msianze kunichangia, sijafilisika.

Jumatatu hii, kichwa kikiwa kimeshaunganishwa na tela la baba, alipakia. Gunia mia mbili, mdomo kwa mdomo, alizihesabu yeye na kuzigusa moja moja kichwani. Alipoondoka kuelekea Inyala sikubaki na kazi yoyote, nilikaa kwenye kigoda stoo na simu kwenye kanga, sinywi chai, sijibu salamu. Ilipolia niliidondosha mara mbili kabla ya kuipokea.

"Dada," akasema. "Nimeshafika chini."